KISUGUDI KILICHOTEGUKA NA KISUGUDI KILICHOLEGEA

Mazungumzo ya leo ni juu ya kiungo kimoja cha mwili ambacho watu hawakikumbuki mpaka siku kinapowauma. Kiungo hicho ni kisugudi, yaani pale mkono unapokunjika katikati. Wengine hukiita kisigino cha mkono, na wengine hukiita kiwiko. Lakini kwa kuwa ziko sehemu ambako kiwiko ni pale mkono unapoungana na kiganja, nami sipendi mtu apotewe, leo nitatumia neno kisugudi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Fikirini kazi ya kiungo hiki. Mkulima ainuapo jembe, mama atwangapo, mvuvi avutapo wavu, mwanafunzi aandikapo, wote hukitegemea. Mtu ambaye kisugudi chake hakikunjiki hawezi kulifikisha tonge kinywani kwa mkono huo, wala kunawa uso, wala kufunga kifungo cha shingoni. Na mtu ambaye kisugudi chake kimelegea hawezi kuutegemea mkono wake: akiinua ndoo, hauamini, akijisukuma kutoka kitini, hushtuka. Na jambo la kusikitisha zaidi ni hili: wengi walio na kilema cha kisugudi hawakukipata kwa kule kuanguka tu, bali kwa yale waliyofanyiwa, au waliyokosa kufanyiwa, baada ya kuanguka. Ndiyo sababu yafaa tujifunze habari hizi kabla ya siku ya msiba.

Kwanza na tutazame jinsi kisugudi kilivyoundwa. Mifupa mitatu hukutana hapo. Wa kwanza ni mfupa wa mkono wa juu, utokao begani. Miwili mingine ni mifupa ya kigasha: mmoja uko upande wa kidole cha mwisho, na mmoja upande wa kidole gumba. Ule wa upande wa kidole cha mwisho una kichwa kilichochongeka mfano wa ndoana pana, nao huukumbatia mfupa wa juu kama bawaba ya mlango. Huo ndio unaouwezesha mkono kukunjika na kunyooka. Ule wa upande wa kidole gumba una kichwa cha mviringo kama kisahani, nacho huzunguka. Huo ndio unaokuwezesha kugeuza kiganja juu na chini, kama mtu afunguaye kufuli kwa ufunguo.

Lakini bawaba bila misumari haiushiki mlango. Misumari ya kisugudi ni kano, yaani zile kamba ngumu nyeupe zifungazo mfupa kwa mfupa. Ziko kano za upande wa ndani, ule ukaribiao ubavu. Hizo huzuia kigasha kisipanuke kwenda nje. Ziko kano za upande wa nje. Hizo huzuia kigasha kisizunguke na kuchomoka kwa nyuma. Tena iko kano moja kama pete, ikizungukayo kile kichwa cha mviringo ili kisitoke mahali pake. Juu ya hizo zote iko misuli, nayo husaidia kuikaza mifupa pamoja. Mambo haya yote yakiwa mazima, kisugudi ni kiungo imara sana. Kano zikikatika, au kipande cha mfupa kikivunjika, uimara huo hupungua.

Basi kisugudi huteguka namna gani? Mara nyingi ni kwa kuangukia kiganja, mkono ukiwa umenyoshwa. Kijana amepanda mwembe akateleza. Mtu amerushwa na baiskeli au bodaboda. Mzee amejikwaa kizingitini. Katika hali hiyo kila mtu hunyosha mkono ajizuie, na uzito wote wa mwili hushuka juu ya mkono mmoja. Kano hupasuka, na mifupa ya kigasha huchomoka, mara nyingi kwenda nyuma. Katika watu wazima, baada ya bega, hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama kisugudi.

Dalili zake si za kufichika. Maumivu ni makali, mkono huvimba upesi, umbo lake hugeuka, na ncha ya kisugudi hutokeza nyuma kupita kawaida. Enyi wanafunzi, iko njia nzuri ya kuelewa jambo hili, nanyi mwaweza kuijaribu sasa hivi kwa mkono mzima. Ukunjeni mkono uwe kama pembe ya dirisha, yaani digrii 90, kisha papaseni nyuma ya kisugudi kwa mkono wa pili. Mtaona nundu tatu: moja ni ncha ya kisugudi, na mbili ziko pembeni mwake, huku na huku. Nundu hizo hufanya umbo la pembetatu. Sasa unyosheni mkono: nundu zote tatu zitakaa katika mstari mmoja. Kisugudi kikiteguka, pembetatu hiyo huharibika, maana ile ncha imehama. Lakini kama ni mfupa wa mkono wa juu uliovunjika karibu na kisugudi, jambo litokealo sana kwa watoto, pembetatu hubaki ilivyo ijapokuwa mkono umepinda. Hata hivyo uvimbe huweza kuzificha nundu hizo, na kuteguka na kuvunjika huweza kutokea pamoja. Kwa hiyo mkono ulioumia msiukunje wala msiunyoshe kwa ajili ya kuchungua. Utazameni kwa macho tu.

Labda mtu atauliza, “Mwenzangu ameteguka mbele yangu, nami niko mbali na hospitali. Nifanye nini?” Jambo la kwanza, usiuvute mkono. Najua kuna watu hodari kijijini ambao wamezoea kuvuta viungo, wala siwadharau. Lakini hakuna mtu awezaye kuona kwa macho kama ndani ya uvimbe ule kuna kipande cha mfupa kilichovunjika. Karibu kabisa na kisugudi hupita mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi, pamoja na mishipa ya fahamu. Ukivuta kwa nguvu waweza kuipasua au kuibana katikati ya mifupa. Jambo la pili, uache mkono katika hali uliyoukuta, uutegemeze kwa mto au kitambaa, kisha uufunge kifuani kwa kanga bila kuukaza. Jambo la tatu, vua pete na bangili upesi kabla vidole havijavimba. Jambo la nne, mgonjwa asile wala asinywe mpaka daktari amwone, maana huenda akahitaji kupewa dawa ya usingizi. Jambo la tano, mpeleke hospitali siku ile ile.

Na njiani mtazame vidole vyake. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi yapasa kurudi upesi, kabla hujahesabu mbili au tatu kwa taratibu. Mwulize kama ana ganzi. Mwambie atanue vidole vyote, kisha afanye duara kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kisha ainue kidole gumba juu. Matendo hayo matatu hupima mishipa mitatu ya fahamu. Vidole vikiwa baridi, au vyeupe, au mgonjwa asipoweza kuvitikisa, jueni kwamba saa ni chache na mkono uko hatarini.

Hapa yanipasa kusema waziwazi juu ya mabanzi. Mabanzi ya mianzi au ya mbao si kitu kibaya. Hata hospitali hutumia vitu vya kuutuliza mkono. Ubaya uko katika kukaza. Mkono ulioumia huendelea kuvimba kwa siku mbili tatu, na kama umefungwa kwa nguvu, uvimbe hukosa mahali pa kwenda, damu huzuiliwa, na misuli huanza kufa kwa kukosa chakula chake. Mwaka 1881 daktari mmoja wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi mikono iliyofungwa kwa kukazwa mno ilivyogeuka kuwa migumu, vidole vikajikunja kama kucha za mwewe visinyoke tena. Hasara hiyo yaweza kufanyika katika muda wa saa 6 tu, na haifutiki maisha yote. Kwa hiyo mtu aliyefungwa mabanzi au plasta, naye akaona maumivu yanazidi badala ya kupungua, au akilia anaponyoshwa vidole, asiambiwe avumilie. Vifungo na vilegezwe mara moja, naye akimbizwe kwa daktari. Uvumilivu ni sifa njema, lakini si mahali hapa.

Sasa tumfuate mgonjwa mpaka hospitali. Daktari ataanza kwa kuuliza alivyoanguka. Kisha atapima mapigo ya damu mkononi na mishipa ya fahamu, kama tulivyosema. Halafu atataka picha ya eksirei, yaani picha ya miale ile aliyoivumbua Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Picha hiyo humwonyesha mifupa imehamia wapi, na kama iko iliyovunjika. Baada ya hapo mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza maumivu na kulegeza misuli, na daktari huvuta kigasha taratibu, hukielekeza mahali pake na kuukunja mkono, mpaka mifupa irudi. Kisha hupigwa picha ya pili, ili ihakikishwe kwamba imerudi sawasawa.

Lakini kazi haijakwisha. Daktari mwangalifu, kabla mgonjwa hajaamka, hukunja na kukunjua kisugudi polepole apate kujua kama kimetulia au chataka kuchomoka tena. Kikichomoka tena mkono ukiwa bado umekunjika sana, kano zimeharibika mno, au kuna mfupa uliovunjika. Ubaya mkubwa ni pale mambo matatu yanapokutana: kisugudi kimeteguka, kichwa cha mfupa wa upande wa kidole gumba kimevunjika, na ncha ya mbele ya ile ndoana nayo imevunjika. Madaktari huuita msiba huo utatu wa kutisha. Hapo mara nyingi upasuaji huhitajiwa: mifupa hufungwa kwa skrubu ndogo, au kichwa kilichopondeka hubadilishwa kwa kile cha chuma, na kano hushonwa kwenye mfupa.

Lakini kisugudi kilichoteguka bila kuvunjika, na kikatulia baada ya kurudishwa, hakihitaji kisu. Huwekwa katika plasta ya nusu, mkono ukiwa umekunjwa digrii 90, kwa muda wa juma moja hivi. Wengi wakisikia hivi hustaajabu. Husema, “Juma moja! Mbona mguu uliovunjika hufungwa miezi?” Jibu ni kwamba kisugudi hugandamana upesi kuliko viungo vingine vingi. Kikifungwa kupita majuma matatu, huenda kisinyoke tena vizuri. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi twaweza kusema hivyo hivyo juu ya kisugudi: kikunje na kukikunjua mapema, kabla hakijakauka.

Lakini sikilizeni vema, maana hapa pana mtego. Kukunja ninakosema ni mgonjwa mwenyewe kuutumia mkono wake, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi. Si mtu mwingine kuukamata na kuunyosha kwa nguvu. Wala si kuchuliwa na kukandwa kwa mafuta na maji ya moto mpaka mgonjwa apige kelele. Misuli iliyochanika karibu na kisugudi ikikandwa kwa nguvu, huweza kuota mfupa ndani yake, na mfupa huo hukifunga kiungo kama kabari mlangoni. Mtu aliyekuwa akipona hurudi akiwa na mkono mgumu kama mchi. Basi mwenye mkono na aukunje mwenyewe. Wengine wamtie moyo tu. Huenda digrii chache za mwisho za kunyosha zisirudi, lakini akiweza kukunja na kunyosha sehemu kubwa ya katikati, kazi nyingi za kila siku atazifanya bila taabu.

Na yule aliyekaa nyumbani mwezi mzima, mifupa ikiwa nje ya mahali pake, je, amepotea? La, hakupotea, lakini njia yake imekuwa ndefu. Baada ya majuma matatu hivi makovu hujaa ndani ya kiungo, na kuvuta hakufai tena, yafaa upasuaji. Kazi ambayo siku ya kwanza ingekwisha kwa dakika chache, sasa itataka chumba cha upasuaji na miezi ya mazoezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tuje sasa kwenye kisugudi kilicholegea. Huyu ni mtu ambaye mifupa yake imerudi, uvimbe umekwisha, lakini mkono hauaminiki. Husikia kitu kikilia ndani, au kikiruka, au kisugudi kikikwama kidogo halafu kikaachia. Mwaka 1991 madaktari watatu, O’Driscoll, Bell na Morrey, walieleza vizuri ulegevu wa namna moja ambao zamani ulikuwa ukiwapita wengi: kano ya upande wa nje haikupona, na kigasha huzunguka na kuteleza nyuma kidogo, kisha hurudi chenyewe. Kwa kuwa hurudi chenyewe, picha ya eksirei yaweza kuonekana safi, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Daktari ajuaye humwambia ashike mikono ya kiti, viganja vikitazamana, kisha ajisukume asimame. Mwenye ulegevu huu huogopa au huona maumivu kabla mkono haujanyoka. Daktari akikibonyeza kwa kidole gumba kile kichwa cha mviringo ili kisiteleze, mara nyingi hofu hupungua, na ugonjwa umejulikana.

Ulegevu huu haufuati kuteguka tu. Mtoto aliyevunjika mkono karibu na kisugudi, mfupa ukaunga umepinda kuelekea ubavuni, aweza kuupata baada ya miaka mingi, kwa sababu kano ya nje imekuwa ikivutwa siku zote. Hii ni sababu nyingine ya kutoridhika na mkono uliounga vibaya, hata kama hauumi leo.

Ulegevu wa upande wa ndani ni ugonjwa wa warushaji. Julius Yego wa Kenya aliporusha mkuki mita 92.72 huko Beijing mwaka 2015, akawa bingwa wa dunia, nguvu yote ya kukimbia na kuzungusha mwili ilipita katika mkono mmoja. Kila mrushaji hujaribu kano ya ndani ya kisugudi chake namna hiyo, kila siku ya mazoezi. Mwaka 1946 daktari Waris alikuwa amekwisha kuandika juu ya visugudi vya warusha mkuki. Kano hiyo hupimwa kwa kukunja mkono kidogo, digrii 30 hivi, na kukisukuma kigasha kwenda nje. Upande wa ndani ukifunguka kuliko mkono wa pili, kano imechanika.

Zamani mrushaji wa namna hiyo aliacha mchezo. Lakini mwaka 1974 mchezaji wa besiboli wa Marekani aitwaye Tommy John aliumia kano hiyo, na tarehe 25 Septemba daktari Frank Jobe alimfanyia kazi mpya kabisa huko Los Angeles. Alitoa kano nyembamba katika kigasha cha mkono wa pili, akatoboa matundu katika mifupa ya kisugudi, akaipitisha kano ile iwe badala ya iliyokatika. Mgonjwa alikaa mwaka mzima na zaidi akifanya mazoezi. Akarudi uwanjani mwaka 1976, akacheza mpaka 1989. Kano ile iliyotolewa wengi wenu mnayo: gusanisheni kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha mkunje kiganja kidogo, mtaiona ikisimama katikati ya kifundo. Wengine hawanayo kabisa, wala hawakosi nguvu. Ndiyo sababu daktari aliweza kuiazima.

Kabla sijamaliza, neno moja kwa mama na baba, na kwa dada mlezi. Mtoto chini ya miaka mitano kano yake ile ya pete haijakaza sawasawa. Akivutwa kwa ghafula kwa mkono mmoja, ili avuke njia au apandishwe ngazi, kile kichwa cha mfupa huweza kuteleza katika pete. Mtoto hulia kidogo, kisha huuacha mkono ukining’inia, umekunjika kidogo, kiganja kimeelekea chini, akakataa kuutumia. Hakuna uvimbe wala umbo kugeuka. Mganga wa zahanati aliyefundishwa huugeuza mkono kwa namna apasayo, na baada ya dakika chache mtoto huanza kucheza kama kwamba hakuna lililotokea. Lakini kukiwa na uvimbe, au kama mtoto alianguka, lisidhaniwe kuwa jambo dogo hili, kwa kuwa huenda mfupa umevunjika. Na kinga yake ni rahisi: mwinueni mtoto kwa kumshika makwapani, wala si kwa kumvuta mkono.

Basi, wasikilizaji, nayafupisha yote. Kisugudi kikiteguka, msikivute. Kitulizeni, mtazame vidole, mwende hospitali siku ile ile. Mabanzi yasikazwe. Plasta ikiondolewa, mwenye mkono aukunje mwenyewe mapema, wala asikandwe kwa nguvu. Na mkono ulioonekana kupona lakini hauaminiki, msiuzoee. Mrudisheni mgonjwa kwa daktari, mkamweleze lini hasa unateleza na akifanya kazi gani. Maelezo hayo yaweza kumfaa daktari kuliko picha.